Mikono Miwili ya Kushoto

Kila asubuhi ya likizo ile ndefu, Kidoti alianza kazi kwa ufagio. Alikusanya nyuzi na vipande vya vitambaa vilivyoanguka chini ya meza ya kukatia, akapangusa vumbi kwenye cherehani mbili, kisha akakaa kwenye kigoda karibu na dirisha na kutunga uzi kwenye sindano. Sindano alizotunga zilikuwa nyingi kuliko alizohitaji. Nusu alizichomeka kwenye kimto chake. Nusu nyingine, baada ya kuchungulia kama shangazi yake hamwoni, alizichomeka kwenye kimto cha rafiki yake, Twiga.

Shangazi alikuwa fundi wa nguo aliyejulikana mtaa mzima kwa mishono iliyonyooka na ulimi usiopinda. Mtu asiyetaka kuambiwa kwamba amenenepa hakwenda kupimwa kwake. Wazazi wa Kidoti walimpeleka hapo ajifunze kazi badala ya kulala nyumbani akihesabu boriti. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mpole, na sauti yake ilikuwa ndogo hata wateja wakainama kumsikia.

Twiga alikuwa mjukuu wa mzee mshona viatu, aliyefanya kazi yake barazani, nje ya mlango wa Shangazi. Alikuja kukaa na babu yake mpaka shule zifunguliwe, na Shangazi akakubali ajifunze kushona pamoja na Kidoti. Jina hilo lilimpata siku ya kwanza tu, alipoinama ili apite mlangoni na bado akagonga kichwa. Alicheka kabla ya mtu mwingine yeyote, na Kidoti akampenda papo hapo.

Wasichana hao wawili walikuwa katika umri ule ambao nguo hubana kabla hazijachakaa. Walipimana kwa futi ya Shangazi wakicheka, wakafungana shanga za vifungo vibovu shingoni, wakala mchana kwenye sahani moja pale ngazi ya nyuma. Twiga alimfundisha Kidoti kumjibu mteja bila kutazama vidole vyake vya miguu. "Sema kwa sauti," alimwambia. "Maneno yako si ya wizi."

Twiga alikuwa na kipaji kimoja kilichowafurahisha wote. Aliwatambua watu kutoka mbali, mwisho kabisa wa barabara.

"Yule mama wa mapazia anakuja," alisema. "Amenuna."

Na kweli, baada ya muda mama wa mapazia aliingia, amenuna.

"Macho gani hayo!" Shangazi alisema. "Mwewe aje asome kwako."

Hakujua kwamba macho hayohayo ya mwewe hayakuweza kuona tundu la sindano. Vitu vya mbali Twiga aliviona vizuri mno, lakini vya karibu vilimjia kama vimefunikwa na moshi. Kidoti aligundua hilo wiki ya kwanza, alipomkuta nyuma ya pazia la kujaribia nguo, ameshika uzi uliolowa mate, machozi yanamlengalenga.

"Darasani ni hivyohivyo," Twiga alimnong'oneza. "Herufi za kitabu zinacheza, kichwa kinauma, naacha kusoma. Mwalimu anasema mimi mvivu. Nimezoea. Lakini hapa, Kidoti, tafadhali usiseme. Shangazi yako ameahidi kwamba nikifanya vizuri nitarudi kila likizo, anifundishe mpaka niwe fundi kamili. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka hiki. Sasa umewahi kuona fundi asiyeona uzi?"

Kidoti aliapa hatasema. Hakuna mtu aliyewahi kumpa siri kubwa namna ile, na alijiona amekua. Tangu siku hiyo alitunga sindano za watu wawili. Twiga, kwa upande wake, alishona kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, akipapasa ukingo wa kitambaa, na mapindo yake yalinyooka vya kutosha kumridhisha hata Shangazi.

Likizo ilipokaribia kwisha, akaja mama mmoja aliyekuwa anamwoza binti yake. Alitaka koti la kuvaa siku ya harusi, na kitambaa alikileta mwenyewe: zambarau iliyokolea hata ikakaribia weusi. Upande wa uso ulikuwa na mng'ao mdogo, na upande wa ndani ulikuwa umefifia. Ukizishika, pande zote mbili zilikuwa laini sawasawa.

Shangazi alikata mwili wa koti yeye mwenyewe. Vilipobaki vipande viwili vya mikono, alivitandaza mezani, akaweka karatasi ya kipimo pembeni na kumwita Twiga.

"Leo nakuamini," alisema. "Sikiliza. Hiki nimekilaza uso juu, na hiki uso chini. Karatasi usiigeuze, itumie hivihivi kwa vyote viwili, utapata mkono wa kulia na wa kushoto. Umeelewa? Mimi naenda kutafuta vifungo."

"Nimeelewa, Shangazi," Twiga alijibu, na uso wake ulichanua.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya unadhifu. Twiga aliona weupe wa chaki umetapakaa mezani, akaviinua vile vipande viwili ili apanguse. Alipotaka kuvirudisha, hakujua tena uso uko wapi. Aliviinamia, akarudi nyuma, akaviinamia tena. Kwake vyote vilikuwa giza tupu.

"Kidoti," aliita kwa sauti ya chini.

Kidoti alikuwa barazani akimkabidhi mteja suruali yake, tena akiongea kwa sauti, kama alivyofundishwa. Hakusikia. Twiga aliona aibu kuita tena mbele ya mgeni. Akapapasa vile vitambaa, akakisia, akashika mkasi na kukata.

Shangazi aliporudi alianza kuunganisha mikono na mwili kwa pini. Mkono wa kwanza ulikaa vizuri. Wa pili aliujaribu, akaugeuza, akaujaribu tena. Kisha akaiweka mikono yote miwili mezani, mmoja juu ya mwingine.

"Miwili ya kushoto," alisema. "Twiga, huyu mama umemwona ana mikono mingapi ya kushoto?"

Twiga aliinamisha kichwa.

"Kitambaa ni cha mtu. Harusi haitungoji. Nilikuonyesha kwa mkono wangu. Ulikuwa unatazama nini?"

"Nisamehe, Shangazi. Nilikuwa nawaza mambo yangu."

"Basi kesho kaa na babu yako, uwaze vizuri. Kazi hii haitaki mzembe."

Kidoti alifungua mdomo, lakini Twiga alimkanyaga mguu chini ya meza. Akaufunga.

Pale ngazi ya nyuma, Kidoti alilia zaidi ya mwenye msiba.

"Kwa nini umekubali kuitwa mzembe? Wewe si mzembe!"

"Mzembe anaweza kusamehewa akijirekebisha," Twiga alisema. "Asiyeona atajirekebisha vipi? Labda mwakani Shangazi atakuwa amesahau, nirudi nijaribu tena. Akijua ukweli, hatanipokea milele."

"Na shuleni je? Utaitwa mvivu mpaka lini?"

Kidoti alitazama mikono yake, ile iliyotunga sindano tangu likizo ianze, na kwa mara ya kwanza moyo ulimshtuka. Bila sindano zile, Shangazi angejua kila kitu wiki ya kwanza. Akisema, atakuwa amevunja kiapo na huenda akampoteza rafiki pekee aliyewahi kumchekesha mpaka akakaa chini. Akinyamaza, rafiki huyo ataondoka na jina baya na macho yaleyale.

"Nitasema," alisema hatimaye. "Lakini sitasema nyuma yako. Twende pamoja."

Twiga alisimama, akawa mrefu kuliko siku zote. "Ukisema, mimi na wewe basi."

"Basi iwe basi," Kidoti alisema, akaingia ndani.

Shangazi alikuwa amekaa mbele ya lile koti, shavu mkononi. Babu mshona viatu alikuwa amesimama mlangoni kuomba radhi kwa niaba ya mjukuu wake. Twiga alimfuata Kidoti mpaka kizingitini, akasimama hapo.

"Shangazi, Twiga haoni vitu vya karibu," Kidoti alisema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Sindano zake zote natunga mimi. Kama ni kosa, ni letu sote."

"Haoni? Huyu mwenye macho ya mwewe?" Babu alishangaa.

Shangazi aliinuka. Alichukua sindano na uzi, akampa Twiga. Twiga aliishika sindano mbali, kisha karibu, kisha mbali tena. Uzi ulipita kushoto kwa tundu, ukapita kulia. Alipotaka kujaribu mara nyingine, Shangazi aliichukua sindano ile taratibu.

"Inatosha, mwanangu," alisema.

Babu alivua miwani yake ya kazi na kuifuta kwa shati, ingawa haikuwa na vumbi. Alikuwa na majonzi. "Kila siku ananitajia watu wanaokuja kutoka kule mwisho, nikajua macho yake ni mazima kuliko ya wote hapa."

"Mpe hiyo miwani yako ajaribu," Shangazi alisema.

"Hapana. Miwani ni kama kiatu, kila mtu na kipimo chake. Cha kuazima kitamchubua. Kesho asubuhi naenda naye kwa daktari wa macho."

Twiga alipita mbele ya Kidoti bila kumtazama.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Kidoti alifagia, akapangusa, akatunga sindano, na kwa mazoea akajikuta ametunga za watu wawili. Chakula cha mchana alikula ndani, maana ngazi ya nyuma ilikuwa pana mno kwa mtu mmoja. Shangazi alipekua mabaki yote ya kile kitambaa mpaka akapata kipande cha kutosha mkono mmoja wa kulia, lakini mfupi, unaoishia chini kidogo ya kiwiko. Akaupunguza na ule wa kushoto, ikalingana. Mama wa bi harusi alipokuja, Shangazi hakumpamba maneno. Alimweleza kosa lote lilivyokuwa. Yule mama alijitazama kwenye kioo, akajigeuza huku na huku.

"Nilikuja kugomba," alisema, "lakini naona bangili zangu zitaonekana. Acha hivihivi."

Alipoondoka, Shangazi alizungusha futi yake vidoleni. "Unajua, Kidoti, mimi ndiye nimejipima leo. Yule mtoto nilijua urefu wake, mabega yake, kiuno chake. Macho nilimsifia tu, sikumchunguza. Nikakimbilia kumwita mzembe."

"Atarudi?" Kidoti aliuliza.

"Mlango uko wazi. Wa kwako je?"

Asubuhi ya mwisho wa juma, Kidoti alikuwa ameinama chini ya meza na ufagio aliposikia kichwa kikigonga mlango. Aliinuka haraka, naye akagonga meza. Twiga alikuwa amesimama pale, amevaa miwani yenye fremu ya kahawia, na nyuma yake babu yake akitabasamu kama yeye ndiye aliyeitengeneza.

"Shikamoo, Shangazi," Twiga alisema.

"Marahaba. Karibu ndani, macho manne."

"Daktari ameniambia watu wengi wako hivi. Wanaona mbali, karibu hawaoni. Amesema nikivaa hii wakati wa kusoma na kushona, kichwa hakitauma." Aliigusa fremu yake. "Jana nimesoma kitabu mpaka ukurasa wa mwisho. Sikuwa mvivu, Shangazi. Kumbe sikuwa mvivu."

Shangazi alimvuta karibu, akamshika na Kidoti kwa mkono wa pili.

"Nisamehe kwa neno nililokuita," alisema. "Na nyinyi nisikilizeni. Mficha maradhi kifo humuumbua. Twiga, wewe umebahatika, umeumbuliwa na mkono wa koti tu. Mwili ukikusumbua, mwambie mkubwa mapema, wala usione haya, maana haya haijawahi kumtibu mtu. Na wewe Kidoti, zile sindano ulizitunga kwa mapenzi, najua. Lakini kila moja ilimchelewesha rafiki yako kufika kwa daktari. Rafiki wa kweli husitiri aibu ya mwenzake, hasitiri ugonjwa wake. Umelijua hilo kwa kuchelewa, lakini umelijua, na ulisema mbele yake. Watu wazima wengi hatuwezi."

"Na kila likizo nije?" Twiga aliuliza taratibu.

"Usipokuja nitamshtaki babu yako. Sasa kazini."

Wasichana walibaki karibu na dirisha, kila mmoja akitafuta pa kuanzia. Twiga alichukua kimto cha Kidoti, akakaa kwenye kigoda na kutunga uzi kwenye sindano. Uzi ulipita tunduni mara ya kwanza tu. Akatunga ya pili na ya tatu, akazichomeka zikae safu.

"Hizi zako," alisema. "Nina deni kubwa."

Kidoti aliinama kuzipokea. Twiga akamshika kidevu, akausogeza uso wake kwenye mwanga na kuutazama kwa muda mrefu. Chini ya jicho la kushoto la rafiki yake kulikuwa na alama nyeusi, ndogo kama ncha ya pini.

"Kumbe ndiyo hii!" alisema. "Likizo nzima nakuita Kidoti, nikidhani ni kwa sababu wewe ni mdogo."

Kidoti alicheka mpaka akakaa chini.