Sauti ya Pili Hunyamaza Kwanza

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, asubuhi, wakati kila mtu mjini ana haraka ya kufika mahali. Ndani walijazana kama njiti kwenye kiberiti: mwanasheria mnene aliyekumbatia mkoba wake, wanawake wawili wa benki wanaonukia marashi ya aina moja, mzee mwenye mkongojo, na kwenye kona, amebanwa mpaka mabega yamepanda, msichana wa gauni la buluu lenye kola nyeupe. Huyo alikuwa fundi wa miwani katika duka la ghorofa ya sita. Wanakwaya wenzake walimwita Nanga, na jina hilo lilikuwa limemganda.

Taa ikazimika. Feni ikanyamaza. Mwanasheria akawa anabonyeza kengele kama mtu anayegombana nayo.

Nanga akiogopa huimba. Hakupanga, koo lilijiendea lenyewe. Akafumba macho, akaanza chini chini.

"Dada," mwanasheria akasema gizani, "samahani, huo ni wimbo au mota ya friji?"

"Ni wimbo wa harusi."

"Mbona haupandi wala haushuki?"

"Kama sisi," mzee akadakia, na lifti nzima ikaangua kicheko.

"Ni sauti ya pili," Nanga akajitetea, uso unamwaka. "Wa sauti ya kwanza ndio wanaopanda na kushuka. Sisi tunashikilia."

"Basi shikilia, binti yangu. Na kamba za lifti uzishikilie hapo hapo."

Akaendelea. Ndipo juu ya vichwa vyao, nyuma ya bati, sauti ya mwanamume ikaingia kando ya yake. Ilikuwa sauti ya tatu ya wimbo ule ule, nyepesi na safi, inayojua inakokwenda. Zile sauti mbili zikapangana kama viganja viwili, na Nanga akasikia ule mtetemo anaoujua mwanakwaya tu, unaoanzia mbavuni na kuishia kwenye meno. Hakuna aliyeimba wimbo wenyewe, lakini ghafla kila mtu mle ndani aliusikia.

Lifti ikashtuka, ikapanda, mlango ukafunguka. Kijana wa ovaroli ya kijivu, bisibisi mfukoni na grisi shavuni, akachungulia ndani.

"Nani mwenye sauti ya pili?"

Wote wakamwonyesha Nanga kwa vidole, kama mwizi.

"Bibie," akasema, "nimefungua lifti nyingi. Leo ndiyo mara ya kwanza nimetamani kuchelewa."

"Na mimi ndiyo mara ya kwanza nimesikia sauti ya tatu yenye grisi," Nanga akajibu, akapita.

*

Kuimba sauti ya pili ni ugonjwa mtamu. Unajua kila wimbo na huwezi kumwimbia mtu hata mmoja. Nanga akiimba bafuni, jirani hugonga ukuta akimwomba atafute kwanza wimbo halafu ndipo auimbe. Kwenye sherehe za kuzaliwa huimba chini kidogo ya wenzake, na mwenye keki hukata kwa wasiwasi. Lakini sauti nne zikikutana, ni yeye aliye katikati, wimbo umemzunguka pande zote kama blanketi.

Blanketi, au ukuta. Siku nyingine hakujua ni kipi.

Kwaya ilikuwa ya mama yake mdogo. Huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na ndiye aliyemvalisha joho la marehemu, lenye upindo ulioshonwa na kufumuliwa kadiri alivyorefuka, akamsimamisha pale pale aliposimama marehemu: mstari wa pili, karibu na nguzo. "Wewe ukitetereka, sauti ya pili yote inaanguka," alimwambia. Mazoezi yalikuwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Nanga hakuwahi kukosa. Aliwahi kuimba akiwa na homa, akiwa na jino lililong'olewa mchana ule. Nguzo ile alikuwa ameiegemea mpaka rangi ikatoka.

Kwa hiyo penzi lake na yule kijana wa ovaroli lilikua ndani ya lifti. Asubuhi huyo fundi wa lifti alimpandisha ghorofa ya sita, jioni akamshusha.

"Kipenzi, twende basi tukatembee Jumamosi."

"Mazoezi."

"Alhamisi?"

"Mazoezi."

"Wewe una mchumba mwingine, anaitwa Mazoezi. Nipe namba yake nimpigie."

Nanga alicheka mpaka miwani yake ikamshuka puani. Usiku ule ule fundi akapiga simu. "Mpenzi, niimbie ule wimbo nilale."

Nanga akaimba.

"Ndiyo sauti ya pili hiyo?"

"Ndiyo ninayoijua."

"Haya. Nitalala nikiutafuta wimbo."

Fundi aliomba kujiunga na kwaya. Mama mdogo alimtazama kuanzia viatu mpaka utosini. "Wa sauti ya tatu wamenitosha," akasema, akafunga mlango taratibu, kwa adabu zote.

*

Jioni moja ya Jumatano fundi alimpeleka juu ya paa, mbele ya chumba cha mashine za lifti. Alikuwa amenawa grisi yote na kuvaa shati jeupe lililonyooshwa mpaka mikunjo inakata kama wembe. Mji ulinguruma chini yao.

"Nimepewa kazi mji mwingine," akasema. "Majengo mapya. Jumapili naondoka. Sijui kuuliza kwa maneno, nikijaribu nitaharibu. Nitakuimbia. Ukikubali, ingia."

Akavuta pumzi, akaanza ubeti wa kwanza wa wimbo wao:

*Njoo, nyumba imepambwa,
taa nimeiwasha mimi,
kiti kimoja ni changu,
kingine chamngoja nani?*

Katika kwaya ya mama mdogo, sauti ya pili hunyamaza ubeti huo wote. Wanaoiimba husimama kimya, macho yamefumbwa, wakihesabu moyoni, na ubeti ukiisha tu ndipo wao hujibu: *Nakuja*. Nanga alikuwa amefundishwa hivyo tangu utotoni. Akafumba macho. Akafunga midomo. Akawa anahesabu, na jibu lake limeshajaa kifuani linasubiri mlango.

Fundi alikuwa amejifunza wimbo ule kwingine, na kwao wote huingia pamoja tangu neno la kwanza. Alichokiona yeye ni mwanamke aliyefumba macho na kubana midomo. Aliimba mstari wa kwanza, akaimba wa pili. Kwenye wa tatu sauti ikamkatika.

"Nimekuelewa," akasema, akashika ngazi.

Nanga akafumbua macho. Wimbo ulikuwa umekatwa katikati na mwimbaji hayupo. Ameogopa, akawaza. Amefika nusu, akajuta. Akakimbilia ngazi, na simu ikalia mkononi.

"Uko wapi? Njoo nyumbani, kuna sehemu za nyimbo za kesho hazijakaa sawa," mama mdogo akasema.

Usiku alimpigia fundi. Kiburi kilishawatangulia wote wawili.

"Kumbe hukuwa na pumzi ya kumaliza," Nanga akasema.

"Na wewe hukuwa na sauti ya kuanza."

Simu ikakatwa. Nanga akalala ameelekea ukutani, uso umegusa chokaa, akijiambia afadhali. Angeachaje? Sauti ya pili ingeanguka. Alijirudia hivyo mpaka maneno yakawa kama kitasa kinachofungwa tena na tena.

*

Jumamosi yalikuwa mazoezi ya mwisho kabla ya harusi ya watu wengine, na kila mtu alivaa joho. Ukumbi ulikuwa na joto, madirisha yamefungwa ili mwangwi usitoroke. Karibu na Nanga alisimama muuguzi waliyemwita Mama Pacha, aliyejiunga majuzi akitokea kwaya nyingine.

Mama mdogo akainua mkono. Sauti ya tatu wakaanza, *Njoo, nyumba imepambwa*, na Mama Pacha naye akaingia papo hapo kwa nguvu zote, peke yake kati ya wanawake wote waliofumba macho.

Ukumbi ukacheka. Mama Pacha akajifunika uso. "Jamani, nisameheni! Kule kwetu tunaingia wote pamoja. Hivi nyie mnasimama tu kama mnaoagwa? Mtu asiyewajua atasema mmekataa harusi!"

Nanga akakiona kile alichokiona fundi juu ya paa: midomo iliyobanwa, macho yaliyofumbwa.

"Mama mdogo, naomba nitoke."

"Sasa hivi? Hapana."

"Nikirudi nitaeleza."

"Ukitoka, hawa nitawashika na nini?" Mkono ukainuka. "Toka mwanzo."

Wakaanza upya. Ubeti ukaisha, sauti ya pili wakajibu *Nakuja*, na Nanga, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akafungua mdomo bila kutoa chochote.

Alingoja waanguke. Hawakuanguka. Mama Pacha alishika, waliokuwa nyuma wakashika, na wimbo ukapita juu yake mzima, mzuri, bila tundu hata moja pale alipotoka yeye. Ilimuuma kama kofi. Halafu, chini ya maumivu, kitu kikalegea, kama kola iliyofunguliwa kifungo.

Alipotazama mbele, mama mdogo alikuwa anamwangalia. Mkono wake ulikuwa umebaki hewani. Kwaya ikanyamaza.

"Wameshika," Nanga akasema.

"Wameshika." Sauti ya mama mdogo ilikuwa ndogo. "Wamekuwa wakiweza siku zote, mwanangu. Mimi tu sikutaka ujue. Nikikusikia hapo kwenye nguzo, namsikia dada yangu."

Nanga alivua joho. Akalikunja vizuri, akamwendea mama yake mdogo, akamwekea mikononi. "Hili libaki nawe, mama. Mimi nitakuwa nakupigia simu. Nitakuimbia, hata kama utagonga ukuta."

Mama mdogo akacheka huku analia, akampiga begani. "Nenda basi, kabla sijabadili mawazo. Na usikimbie ngazini na viatu hivyo!"

*

Jengo lilikuwa karibu kufungwa. Fundi alikuwa juu, katika chumba cha mashine, akifungasha vifaa vyake. Nanga aliingia kwenye lifti, jasho linamtoka, kola nyeupe imekaa upande. Ndani alikuwapo yule mwanasheria mnene na mkoba wake. Nanga akabonyeza kengele ya hatari.

Spika ya lifti ikakoroma, ikatoa sauti ya fundi. "Ndiyo? Mmekwama?"

"Imba tena."

"Nani?"

"Imba ule ubeti, mwanamume wewe. Na safari hii usikimbie. Sisi kwetu hunyamaza kwanza! Nilikuwa nahesabu!"

Halafu spika ikaanza, sauti imepasuka, *Njoo, nyumba imepambwa*. Nanga akafumba macho, akafunga midomo. Mwanasheria akamtazama, akaitazama spika, akamtazama tena. Mstari wa pili. Wa tatu ulitetemeka, lakini haukukatika. Wa nne ukafika, ukaisha, na fundi akabaki anapumua kwenye spika, akingoja.

"Nakuja," Nanga akaimba.

Kitu kizito kikaanguka huko juu, pengine sanduku zima la spana.

Mwanasheria akakohoa kidogo, akakumbatia mkoba wake. "Samahani, dada. Kwa hiyo tunapanda au tunashuka?"

"Tunapanda," Nanga akasema, akabonyeza kitufe cha juu kabisa.