Sauti Kubwa Si Fujo

Karakana ya seremala ilisikika kabla ya kuonekana. Mashine ya kuranda mbao ilinguruma tangu asubuhi, na seremala alipaza sauti ili kuushinda mngurumo huo. Miaka ya kazi ilikuwa imeyadhoofisha masikio yake. Hakujua tena kunong'ona. Majirani walimwita Radi.

"Baba watoto," mkewe alimtania huku akipiga msasa, "ukiniomba chumvi, mtaa mzima huniletea."

Siku moja Radi alisimamisha gari mbele ya nyumba ya mteja ili ashushe kabati. Askari wa usalama barabarani akamjia.

"Ondoa gari! Hapa hapaegeshwi."

"SIEGESHI, AFANDE! NASHUSHA KABATI!"

Wapita njia wakageuka. Watu wakajaa.

"Unanifokea mbele ya watu?"

"SIKUFOKEI! NAKUJIBU!"

Askari alikasirika. Akamshtaki kwa kufanya fujo hadharani, akamtaka afike mahakamani.

Nyumbani, shemeji yake alimshauri, "Kiri kosa, yaishe. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Na madawati?" mkewe aliuliza. Shule ya jirani ilitaka kuwapa kazi ya kutengeneza madawati, lakini haikuwa ikimpa kazi mtu aliyetiwa hatiani. "Akikiri, tumeyakosa."

Wakamwendea jirani yao, mwanamke aliyekuwa wakili.

"Askari huitafsiri sheria papo hapo, juani, katikati ya magari," alieleza. "Mara nyingi hupatia. Mara nyingine hukosea. Tafsiri yake ni mwanzo wa kesi. Hukumu ni ya hakimu. Hata kosa la kuegesha hakukuandikia, kwa kuwa kushusha mzigo kidogo si kuegesha."

"FUJO NI NINI BASI?"

"Ni kutukana, kutisha, kutaka kupigana, kuvuruga amani. Ulimtukana?"

"HATA!"

"Ulimsukuma?"

"KWA MKONO GANI? YOTE ILISHIKA KABATI!"

Wakili alicheka. "Basi usikiri usilolitenda. Lakini nawe ulikosea, ndugu yangu. Hukumwambia kwamba husikii vizuri. Angejuaje? Ukisimamishwa, tulia. Jieleze. Uliza kosa lako ni lipi. Usipokubaliana naye, usibishane barabarani, mahakama ipo. Na ukapimwe masikio."

Daktari alimpima na kuthibitisha tatizo lake. Kisha siku ya kesi ikafika.

"Unakiri au unakana?" hakimu aliuliza.

"NAKANA, MHESHIMIWA!"

Vioo vya dirisha vikatetemeka. Karani akaangusha kalamu. Radi akaongeza haraka, "NISAMEHE, MHESHIMIWA. MASIKIO YANGU MABOVU. SIJISIKII NINAVYOSEMA."

Hakimu alisoma cheti cha daktari, kisha akamgeukia askari. "Je, mshtakiwa ananifanyia fujo sasa hivi?"

Askari alifikiri. Alikuwa kijana, tena mkweli. "Hapana, mheshimiwa. Ndivyo anavyozungumza."

"Siku ile alikutukana? Alikutisha?"

"Hapana. Alipaza sauti tu. Nilidhani ananidharau."

"Sheria haimwadhibu mtu kwa sauti yake," hakimu alisema. "Humwadhibu anayevunja amani. Mshtakiwa, uko huru."

"NIKO NINI?"

"HURU!" ukumbi mzima ukamjibu.

Nje, mkewe alipiga kigelegele hadi mlinzi wa lango akaruka. Hakuna aliyekamatwa. Shemeji mtu, yule mshauri wa kubusu mikono, ndiye aliyeshangilia kuliko wote.

Kazi ya madawati wakaipata. Siku hizi Radi na mafundi wake huziba masikio kabla ya kuwasha mashine. Akisimamishwa barabarani, jambo la kwanza humwambia askari, "Afande, sisikii vizuri. Tafadhali nitazame usoni ukizungumza."

Siku ya kupeleka madawati, barabara ya shule ilifurika magari. Askari yuleyule alikuwa zamuni. Alimtambua Radi, akaingia katikati ya barabara, akanyoosha mkono. Magari yote yakasimama.

"SHUSHENI, FUNDI!" alipaza sauti kwa nguvu zake zote. "NJIA NI YENU!"