Supu Nzito ya Mzee Ngollo

Kila asubuhi Tekla alifagia uwanja, akateka maji, kisha akampelekea baba mkwe wake uji. Mzee Ngollo alilala barazani kwenye kitanda cha kamba, uso ameuelekeza njia ya Ujiji. Ujanani alikuwa mpagazi wa misafara. Sasa homa ilikuwa imemwacha, lakini mawazo yake yalikuwa bado njiani.

"Shikamoo baba. Uji huu."

"Marahaba. Weka chini. Kiongozi wa msafara hajapiga ngoma ya kupumzika."

Uji ulipoa ukashika utando. Mbavu za mzee zilionekana zote. Tekla aliogopa. Mumewe Anselm alikuwa kazini kwenye reli, huko Kaliua. Je, atamkuta baba yake hai? Tekla akazidi kuupunguza unga wa uji, akidhani mgonjwa hafai kula kizito.

Ilikuwa miaka ya Vita vya Pili vya Dunia. Jirani yao Twalibu, Mzaramo na kwa hiyo mtani wa mzee aliye Mnyamwezi, alipika katika kambi ya mateka wa Kiitaliano hapo Tabora. Jioni alipita, akachungulia kikombe.

"Shemeji, mtani wangu unamnywesha maji? Homa imekwisha. Anataka cha kumjenga. Mpikie supu ya maharage ya Waitaliani, ile ya malai."

"Maharage? Atayatafuna kwa fizi?"

"Hatafuni. Utayaponda."

Kesho yake Tekla alipika. Supu ilipotokota kwa nguvu, akamimina malai aliyoyaengua juu ya maziwa. Yakakatika papo hapo. Madonge meupe yakaelea.

"Malai yangu ya samli!" akalia.

Twalibu alipofika alicheka mpaka akashika ukuta. "Umeyatupa motoni pamoja na nyanya chachu! Yasikatike kwa nini? Haya, bado kuna maharage na malai kidogo. Tuanze."

Maharage yalikuwa yamelowekwa usiku kucha na kuchemshwa hadi kulainika. Tekla alikaanga kitunguu kwa samli, akatia nyanya, akaacha ziive kabisa. Nusu ya maharage aliyaponda kwa mwiko, akayatia yote chunguni pamoja na maji yake.

"Waitaliani hutia tambi," alisema Twalibu. "Huna? Tia viazi."

Viazi vilipoiva, akamwambia, "Sasa epua. Malai yaweke kwenye bakuli. Tia upawa wa supu, koroga. Tia tena, koroga. Yakishapata joto, mimina chunguni polepole. Usirudishe motoni."

Supu ikawa nzito, laini, rangi ya udongo wa njia baada ya mvua. Mvuke wake ukaenda barazani kama ukungu wa asubuhi kambini.

"Baba, kula."

"Hatujafika," alinong'ona mzee.

Twalibu akalichukua bakuli. "Basi mali yangu. Mtani akigoma, nakula mimi." Akavuta kijiko kwa kelele.

Jicho la mzee likafunguka. Kichwa kikageuka.

"Mzaramo! Hata porini mlituibia chakula. Lete hapa!"

Akala. Akafumba macho, akala tena, mpaka bakuli likawa tupu.

"Tekla, mwanangu," alisema taratibu, "tumefika."

Tangu siku ile Tekla aliacha uji wa maji. Anselm aliporudi alimkuta baba yake ameketi, mashavu yamejaa. Mzee hakuinuka kumpokea. Alikuwa amemwona Twalibu akija, na alikuwa anaficha bakuli mgongoni.