Daftari la Presha la Maame Otuwa

Maiti ya Maame Otuwa ilikuwa imekaa kwenye kiti cha mianzi, mkanda wa kipima presha bado umefungwa mkono wa kushoto. Kinywa kilikuwa kimepinda upande mmoja.

Inspekta Ewurama Bentsil wa polisi wa Saltpond alichungulia dirishani. Uani, wanaume wanne waliovaa nguo za sherehe walikaa kwenye benchi, chupa mbili za shinapsi, pombe kali ya posa, miguuni. Walikuwa wamekuja kugonga mlango, yaani kumposa Araba, mpwa wa marehemu. Hakuna aliyekuwa amewaambia waondoke.

"Daktari amekataa kusaini cheti cha kifo," alisema Koplo Ebo. "Anasema ni kiharusi, lakini daftari linaonyesha presha safi wiki tatu nzima."

Inspekta alilifungua. 126 kwa 82. 122 kwa 80. Mwandiko mmoja. Kipimo cha mwisho kilikuwa cha leo, saa kumi na moja alfajiri: 124 kwa 80.

Yeye mwenyewe alikuwa akimeza vidonge vya presha mwaka wa tano, na mashine ya nyumbani kwake ilikuwa kama hii. Alivaa glavu, akabonyeza kitufe cha kumbukumbu.

Leo, saa kumi na moja alfajiri: 226 kwa 128. Jana: 211 kwa 120. Juzi: 204.

"Labda imeharibika, Afande."

Picha zilipokwisha kupigwa, aliufungua mkanda taratibu. "Leta mkono wako."

"Mkanda wa maiti?"

"Haung'ati."

Mashine ilivuma, ikatulia. 131 kwa 84.

"Nzima kabisa," alisema Inspekta. "Wewe punguza chumvi."

Chini ya mto wa kitanda alikuta vidonge vya mwezi huu. Vilivyomezwa ni sita tu.

Araba alikuwa jikoni, mbele ya sufuria ya mchuzi wa wageni uliokwisha kupoa.

"Nani aliandika daftari?"

"Mimi. Shangazi ana mtoto wa jicho. Namba hazioni."

"Mashine ina namba nyingine."

Araba aliifunika sufuria.

"Nani alimwachisha dawa?"

"Aliacha mwenyewe. Nilimwambia presha imeshuka. Akasema basi atapumzika, vidonge vinamvimbisha miguu."

"Ulijua lini kwamba ameacha?"

"Siku ileile."

"Ukaendelea kuandika."

"Ndiyo, Afande."

"Kwa nini, binti?"

Araba alikuwa akiukunjakunja upindo wa gauni lake jipya.

"Alisema hampokei mgeni yeyote kwa ajili yangu mpaka presha yake itulie. Ati nikiolewa nani atamtunza? Hawa walioko uani alishawarudisha mara mbili. Nina miaka thelathini na nne. Nilitaka wapite leo tu. Kesho ningemwambia ukweli, arudie dawa."

"Na leo alfajiri?"

"Aliniita. Kichwa kinamuuma kama kinapasuka. Alikuwa amekwisha kujipima. Akasema, Araba, njoo unisomee."

"Ukaona 226."

"Nikaona."

"Ukamsomea ngapi?"

"Mia moja ishirini na nne."

Koplo Ebo aliacha kuandika.

"Akasemaje?" aliuliza Inspekta.

"Akasema basi ni uchovu tu." Sauti ya Araba ilishuka hadi ikawa vigumu kuisikia. "Akasema, kachote maji uoge, mwanangu. Leo una wageni."