Nyanya wa Chumba cha Pili

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalimpata dada yangu Roselyne na mumewe Duke, huko Ikonge, na mkono wangu umo tangu mwanzo. Nayasimulia kwa sababu mpaka leo kuna watu wanaoniandikia wakiuliza kama kile chumba kinapatikana.

Ilikuwa Jumapili ya kawaida, mwezi wa Aprili. Duke alikuwa amemaliza kupaka rangi nyumba ndogo ya vyumba viwili nyuma ya boma, madirisha yakitazama shamba la majani chai linaloteremka hadi mtoni. Roselyne alipika ugali wa wimbi na chinsaga, mboga yetu chungu, tukala nje, kisha wakaniomba niwatafutie wageni. Mimi ni karani katika ofisi ya wakili mjini Kisii, na nilikuwa katika kundi moja la mtandaoni liitwalo Tulilala Wapi. Humo wasafiri huelezana walikolala: godoro lilikuwaje, mwenyeji alikuwaje, maji yalikuwa ya moto au la. Nikapiga picha, nikaandika maneno machache, nikaweka. Wageni wawili wa kwanza walisifu chakula. Sikutaka zaidi ya hayo.

Mama yake Duke, Bosibori, aliishi nao katika nyumba kubwa. Miaka themanini alikuwa ameshaipita. Tangu azikwe mumewe, akili ilianza kumtoka kidogo kidogo, na hospitalini wakasema ni usahaulifu wa uzee, hauna dawa. Kulipopambazuka aliamka na kutoka hivyo hivyo alivyo, pengine na leso moja, pengine bila kitu, akazunguka kwenye michai akitafuta ng'ombe waliokufa zamani. Duke aliweka komeo upande wa nje wa mlango wa chumba chake asije akatumbukia mtoni. Kila asubuhi alimfungulia mwenyewe, akamvisha sweta nyekundu, akamnywesha uji. Nimemwona kwa macho yangu akimkata kucha. Nasema hivi mjue hakuwa mtu mbaya.

Mgeni wa tatu alikuwa mwanamke wa Nakuru, Valentine. Alikuja mwezi wa Juni, akapewa chumba cha pili, na usiku huo Duke alisahau komeo. Asubuhi Valentine alifungua pazia. Ukungu ulikuwa umelala juu ya shamba lote, na katikati yake alisimama bibi kizee mweupe wa nywele, kifua wazi, midomo ikicheza. Valentine hakutoka kumsaidia. Alichukua simu.

Video ile aliiweka kwenye kundi na maneno haya: "Nimemwona mchawi wa Ikonge. Chumba cha pili, saa kumi na mbili asubuhi."

Roselyne alinipigia akilia. Duke akaniagiza niwaandikie wenye kundi waifute, nami nikaandika. Kabla hawajanijibu, watu kumi na wanne walikuwa wameomba kulala pale. Wote walitaka chumba cha pili. Wengine waliuliza kama nyanya huonekana kila siku au kwa bahati.

Nilimweleza dada. Kuku walikuwa wakilia upande wake wa simu.

"Wanataka kuja lini?" akauliza.

Mwanzoni waliacha tu kufunga komeo. Mama Bosibori alitoka kama kawaida yake, wageni wakamtazama kupitia dirishani, Duke akaenda kumchukua. Wiki zikapita. Baridi ilipozidi, yule mama alianza kupenda kitanda chake. Kuna asubuhi hakutaka kutoka, na asubuhi hizo Duke alimshika mkono, akamtoa. Kisha mgeni mmoja akalalamika kwenye kundi kwamba nyanya amevaa sweta nyekundu, anafanana na nyanya yeyote. Kuanzia hapo sweta ilibaki imetundikwa jikoni.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiwajibu. Niliandika: "Njooni Julai. Ukungu ukiwa mzito anaonekana vizuri zaidi." Maneno hayo ni yangu. Nimejaribu kuyasahau.

Jirani yao Onsongo, mzee wa kanisa, alikuja siku moja akakataa hata kiti. Alimkumbusha Duke kwamba huku kwetu kuna wazee waliotolewa ndani ya nyumba zao wakachomwa, hawana kosa, kwa sababu ya neno moja tu lililopita midomoni mwa watu.

"Jina hilo limeua, Duke," alisema. "Na wewe unamvisha mama yako."

Duke alijibu kwamba hao ni watu wa mbali, hucheka kisha wakaenda zao. Onsongo akaondoka bila kuaga.

Kilichotokea mwishoni mwa Julai, Roselyne alinieleza mara moja tu, na hakuwahi kukirudia. Walikuja vijana sita kutoka Nairobi. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hata michai ya karibu haikuonekana. Vijana wakasema wangoje upungue, nyanya asirudishwe kwanza. Duke akamtoa mama yake, akarudi, akafunga mlango wa jikoni kwa ndani.

Baada ya muda wakasikia kiganja kikigonga mlango. Taratibu.

Nyumbani kwao hawasemi Kiswahili. Kwa yule mama Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni, ya kuongea na watu asiowajua. Lakini nje ya mlango wa jiko lake mwenyewe alisimama akasema, "Hodi." Akangoja kidogo, kama mtu mwenye adabu anayefika ugenini. "Hodi hapa. Mimi nasikia baridi."

Roselyne alimtazama mumewe. Duke alitikisa kichwa. Vijana walikuwa bado hawajapata picha nzuri.

Alipofungua, mama yake alikuwa ameketi kizingitini, amejikunja, mikono kwapani. Hakuongea tena. Siku ya tatu alikufa hospitalini kwa kifua. Walimzika ukingoni mwa shamba la majani chai, waumini wakaimba, Duke akasifiwa kaburini kwa jinsi alivyomtunza mama yake. Wale vijana sita waliisifia nyumba, wakaandika kwamba mwenyeji anajua kazi.

Wiki tatu baadaye walifungua tena. Dada aliniambia nisiandike kwamba amekufa. Niandike anapumzika. Nikaandika hivyo.

Mgeni wa kwanza baada ya mazishi alikuwa mwalimu wa Eldoret aitwaye Gibson, aliyesafiri peke yake. Nilisoma alichoandika nikiwa kazini, saa nne asubuhi, jua likipiga kwenye meza yangu.

"Hamkutuambia kwamba nyanya ni mkarimu hivi. Alfajiri alibisha hodi, nikamkaribisha. Akanifunika blanketi vizuri mpaka shingoni. Akaniambia bwakire, nadhani ndiyo salamu yenu ya asubuhi. Ila mikono yake ni baridi sana, mtafutieni glavu."

Nilimpigia Roselyne nikamuuliza kama ndiye aliyeingia chumbani. Hapana. Duke je? Duke alikuwa amelala. Tukakubaliana kwamba mwalimu ni mzushi kama wengine.

Wakaja mume na mke. Wakaandika kwamba nyanya alibisha hodi, wakamkaribisha, akakaa kwenye kiti akiwatazama mpaka jua likatoka. Hawakuogopa. Walimpenda. Wakaja wasichana wawili. Wakaandika kwamba nyanya haketi tena. Anatandika. Ameinama pembeni pasipo na kitanda, anakung'uta, ananyoosha, analaza kitu kisichoonekana. Walimuuliza anamtandikia nani.

"Hii kitanda ni ya mtoto yangu," aliwajibu. "Yeye atasikia baridi."

Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Hata makosa yake nilikuwa nayajua.

Siku hizo hizo Duke alianza kuamka amefunuliwa. Blanketi analikuta limekunjwa vizuri miguuni pake, yeye kalowa umande mwili mzima, na mkewe ubavuni mkavu. Dirisha limefungwa. Mlango umefungwa. Alianza kulala na jaketi, kisha na majaketi mawili, kisha na viatu. Aliamka hana hata kimoja. Mchana alikaa kando ya jiko la makaa akitetemeka huku jasho likimtoka Roselyne. Alienda hospitali moja mjini Kisii. Daktari akampima, akakipangusa kipimajoto, akampima tena, akaita mwenzake. Hawakuona ugonjwa. Walimpa vitamini.

Nilimsihi dada wafunge ile nyumba. Alisema watafunga. Kulikuwa na wageni wengine wanne tu waliokwisha kuahidiwa, alisema. Hao wakiondoka, basi.

Nilienda huko Ijumaa jioni. Wageni wale wanne walikuwa wamefika, vijana wa Mombasa wasiojua baridi, wamevaa mablanketi kama majoho ya ibada, wanacheka. Duke hakunitambua mara moja. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu. Nilipompa mkono, nilitaka kuuvuta wangu.

Jumamosi ni siku ya kanisa kwetu sisi Wasabato, kwa hiyo tuliamka mapema. Saa kumi na mbili ilikuwa haijafika. Nje hakukuwa na kitu, ni weupe tu. Roselyne alikuwa akiwasha moto, nami nikichagua mchele. Duke alikuwa karibu na jiko.

Mlango wa jikoni ukagongwa kwa kiganja.

Tuliusikia wote watatu. Mchele ulinimwagika, nikausikia ukidondoka sakafuni punje baada ya punje.

Ukagongwa tena.

"Usifungue," Roselyne alinong'ona. "Tafadhali."

Duke aliinuka. Alitembea kama mtu aliyetumwa na mkubwa wake. Alipofika mlangoni akageuka akatutazama, na nikaona analia.

"Nilimsikia siku ile," alisema kwa sauti ndogo. "Nilimsikia vizuri."

Akafungua.

Hapakuwa na mtu. Ukungu ukaingia jikoni, ukazima kibiriti mkononi mwa dada yangu. Duke akatoka. Alivua jaketi la juu, akalikunja, akaliweka kwenye nyasi. Akavua la chini. Akavua shati. Kila kitu alikikunja vizuri. Halafu akanyoosha mkono wake wa kulia pembeni, chini kidogo, kama unavyomshika mtu mfupi. Vidole vikafumba.

Akaanza kwenda.

"Baba," alikuwa akisema. "Baba. Baba, inatosha."

Kwa Ekegusii, lugha yetu, baba maana yake ni mama.

Roselyne alipiga kelele akamkimbilia. Mimi sikukimbia. Nilisimama mlangoni nikageuza macho, na kule kwenye dirisha la chumba cha pili niliwaona wale wageni wanne wamebanana, simu juu, wanasukumana ili kila mmoja apate nafasi. Mmoja alinipungia mkono.

Dada alimpoteza kwenye michai. Majirani walikuja, Onsongo akiwa mbele, tukatafuta shamba mstari kwa mstari hadi mtoni na kurudi. Ukungu uliondoka saa tatu. Jua likatoka kali. Tulimpata karibu saa sita, mahali tulipokuwa tumepita mara mbili. Alilala chini ya michai, ubavu mmoja, magoti kifuani, mikono kwapani. Chini yake matawi mabichi yalikuwa yamelazwa kwa mpangilio, moja juu ya jingine, kama kitanda cha watu wawili. Alikuwa amekufa. Umande wa asubuhi bado ulikuwa mgongoni mwake, katika jua lile.

Onsongo alipiga magoti amfunike kwa koti lake. Mkono wake ukagusa upande wa pili wa kile kitanda, pale palipobonyea. Aliuondoa haraka. Akaniangalia, akanishika kiganja, akakiweka pale pale.

Palikuwa na joto.

Wale wageni waliondoka kabla polisi hawajafika. Video waliiweka wakiwa njiani. Inamwonyesha shemeji yangu akiingia ukunguni akiwa kifua wazi, mkono umenyooka pembeni, akimwita mama yake kwa lugha wasiyoijua. Wao wakaandika kwamba anamwita baba yake. Chini yake kuna maoni mengi. La kwanza linasema: "Hata mwenye nyumba anaigiza vizuri. Tunaenda Desemba." Niliwaandikia wenye kundi kwamba yule mtu amekufa, video ifutwe. Walinijibu kwa adabu kwamba hicho ni kisa cha wageni, na wageni wana haki ya kueleza walichokiona.

Nilijiondoa kwenye kundi. Roselyne alihamia Nyamache. Hatuongei sana. Kila mmoja wetu anajua mwenzake alifanya nini.

Januari hii alinituma nikamchukulie vyeti vyake vilivyobaki ndani ya nyumba. Hapakuwa na mtu. Majani chai yasipochumwa hurefuka yakawa miti, na shamba lote lilikuwa limenipita kimo, giza tupu ndani yake. Nilichukua vyeti, nikafunga mlango, nikageuka niondoke.

Hapo ndipo nilipouona. Kutoka kwenye kaburi la Mama Bosibori hadi kwenye lango la barabarani kulikuwa na mstari mmoja wa michai iliyokatwa usawa wa kiuno, juu bapa kama meza. Imechumwa kwa vidole, majani mawili na chipukizi, hakuna hata moja lililorukwa. Nilienda kwa Onsongo nikamuuliza ni nani anayechuma pale. Alisema tangu msiba hakuna mtu aliyekanyaga shamba hilo, na kiwanda hakijapokea hata kilo moja kutoka humo.

Nilirudi nikauangalia mchai wa mwisho, ule ulioegemea lango. Vikonyo vilikuwa vibichi, bado vinatoa maji. Nusu ya upande wangu ilikuwa imeshachumwa, na nusu nyingine ilikuwa ikitikisika.