Utabiri Nilioutaka

Nina umri wa miaka thelathini na tisa. Nimezaliwa Vuga, Mji Mkongwe, katika nyumba ya watu waliokuwa na mashamba ya mikarafuu zamani na sasa wamebaki na jina tu. Haya nayaandika nimesimama, daftari nimeliweka juu ya kabati la jikoni, maana siku hizi siwezi kukaa kitako. Nikikaa nainuka. Nikilala nainuka. Nisikilizeni, wasomaji wenzangu...

Miaka sita iliyopita niliolewa na Makame, mtu wa Kiwengwa, kijiji cha pwani ya mashariki, nahodha wa mashua ya tanga inayotembeza wageni. Kwetu hawakumtaka. Walisema nimesomeshwa mjini ili nikaolewe shamba. Rafiki zangu niliosoma nao walikuja harusini, wakala pilau, wakarudi mjini wanacheka. Nilikuwa na raha na mume wangu, lakini kicheko kile kilinikaa rohoni.

Makame alikuwa na simu ya vitufe, ile ya kupiga na kupokea tu. Simu kubwa ilikuwa yangu. Kwa hiyo kila asubuhi kazi yangu ilikuwa kumsomea utabiri wa hali ya hewa: upepo unatoka wapi, una nguvu gani, utazidi saa ngapi. Ukiwa mbaya, aliwazungusha wageni ndani ya mwamba, ambako mawimbi yanavunjikia nje na maji yametulia. Ukiwa mzuri, alipita mlango wa mwamba akatoka bahari kuu. Hata siku moja hakuwahi kunitilia shaka. Nikisema "toka", anatoka. Nikisema "baki", anabaki.

Mwaka jana, msimu wa upepo wa kusi, Raya alinipigia simu. Huyu ndiye aliyecheka kuliko wote siku ya harusi. Alisema yeye na wenzake watatu wanataka kutembezwa na mume wangu, ila nisiwapeleke kwenye maji ya magoti. Wanataka bahari hasa.

Nikawaahidi. Kwa nini nisiwaahidi? Nilitaka wamuone Makame ameshika usukani, waone nimeolewa na mwanamume wa namna gani.

Siku yenyewe niliamkia mjini kwa mama yangu, ili nije nao pamoja. Nikafungua simu. Programu ya kwanza ilionesha upepo mkali kuanzia saa saba mchana. Ya pili ilisema vilevile. Kisha, katika kundi la WhatsApp la manahodha, nililoingia kwa niaba ya Makame, nikakuta tangazo la mamlaka ya hali ya hewa: angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa, pwani ya mashariki ya Unguja. Nililisoma mwanzo mpaka mwisho.

Mnajua nilifanya nini? Nilitafuta utabiri mwingine... Nikapekua mpaka nikapata mmoja wenye picha ya jua na upepo mdogo. Nikachungulia dirishani kwa mama, na kweli bahari ya upande wa mjini ilikuwa imelala. Nikajiambia hao wengine wamezidisha. Baadaye sana ndipo nilipoangalia vizuri: utabiri ule ulikuwa wa mjini, ambako kisiwa kizima kinakinga kusi, na tena ulikuwa wa jana yake.

Makame akapiga simu.

"Zeyana, kusi la leo silielewi. Wanasemaje?"

"Nshaangalia. Shwari mpaka jioni."

"Na mamlaka? Hawajatoa angalizo?"

Raya alikuwa keshafika, yuko mlangoni anavaa viatu. Nikamgeuzia mgongo.

"Hawajatoa kitu," nikasema.

"Haya. Basi tutatoka."

Mashuani tulikuwa saba: mimi na wale wanne, Makame, na kaka yake mkubwa, Ame, ambaye ndiye aliyekuwa baharia wake. Tulipotoka mlango wa mwamba bahari ilikuwa nzuri. Raya alisifu, na mimi nikavimba kichwa.

Ilipopita saa saba upepo ulikuja wote kwa mara moja. Maji yalianza kuingia ndani. Jaketi la Raya la kujiokolea lilikatika kamba, Ame akavua lake akamvisha. Alikuwa bado anamfungia pale foromali, ule mti unaobeba tanga, ilipovunjika. Ilimpiga begani na kichwani, ikaenda naye majini.

Nilimuona mara moja tu, mgongo wake. Makame aliizungusha mashua kwa ile injini ndogo, akarudi, akazunguka tena, anaita jina la kaka yake. Sote tulikuwa tunalia na maji yanazidi. Kisha akanyamaza, akageuza usukani kuelekea mlango wa mwamba. Sitaisahau sura yake alipougeuza.

Maiti ya Ame iliokotwa kesho yake ufukweni Matemwe.

Wakuu wa bandari walipotuita, nahodha mwenzake alilisoma lile tangazo mbele ya watu. Lilitoka asubuhi, kabla hatujaondoka. Afisa akamuuliza Makame kama alilipata. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Nilijua sasa ameelewa, maana shingo yake ilikakamaa. Nikangoja anigeukie.

"Mimi ndiye nahodha," alisema. "Kosa langu."

Na mimi... nikanyamaza.

Akazuiwa kupeleka wageni baharini. Kijijini wakasema amemuua kaka yake kwa tamaa. Mama yake mwenyewe, akimuona anaingia, yeye hutoka. Mwanaidi, mjane wa Ame, alikataa hata salamu yake. Ndani ya nyumba yetu Makame hakunilaumu kwa neno moja. Wala hakuniuliza kitu tena, hata kama chumvi ipo. Mimi nikawa wa kuzunguka tu. Nakwenda pwani narudi. Nafungua simu kutazama upepo, naifunga, naifungua. Kwa safari ipi?

Mwezi wa tatu tangu msiba ulipoingia sikuweza tena. Nilikwenda kwa Mwanaidi, naye yumo edani, amekaa kitandani na nguo nyeupe. Nikapiga magoti chini.

"Tangazo nililiona mimi," nikamwambia. "Makame aliniuliza. Nilimwambia hakuna kitu."

"Uliliona?"

"Nililiona."

"Ukamficha mumeo?"

"Nikamficha."

Alikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Nilitaka anipige.

"Kamwambie shemegi yangu aje asimame dirishani," alisema mwisho. "Nimemnyima salamu bure. Na wewe ukitoka hapa, upitie kila nyumba ulimomwacha asemwe."

Nilipita. Nyumba kwa nyumba, Kiwengwa nzima. Wengine walinifungia mlango. Bandarini pia nilikwenda nikaeleza, na Makame sasa ameruhusiwa kurudi kazini. Hajaniacha. Jioni niliyomwambia kwamba nimeshasema kote, aliniambia maneno machache: "Kufa kwa Ame nimemwachia Mungu. Lakini nilikuuliza, Zeyana, ukanijibu."

Nikainuka pale nilipokaa. Mpaka leo nikikaa nainuka.

Eda ilipokwisha, Mwanaidi alinunua simu kubwa. Siku hizi asubuhi Makame anakwenda kusimama nje ya dirisha lake, naye anamsomea upepo.

Wasomaji wenzangu, na hasa ninyi wenye kupanga safari za baharini kwa ajili ya watu wenu, nakusihini. Anzeni na tangazo la mamlaka. Tazameni utabiri ni wa upande gani wa kisiwa na umetolewa lini. Programu mbili zikisema upepo na moja ikasema jua, msiikimbilie ya jua kwa kuwa mmeshaahidi watu. Na anayeshika usukani akikuulizeni, mpeni habari yote, ile mbaya kwanza, hata kama wageni wameshavaa viatu. Wageni wangu wangekasirika siku moja. Pengine wangecheka tena. Ame angekuwa hai.