Zamu Moja na Theluji

Soko la mitumba la Memorial lilikuwa limefurika siku Elisifa aliponyakua mkono wa koti la rangi ya machungwa, kumbe mkono wa pili umeshikwa na mwanamume mrefu mwenye kofia ya sufu.

"Dada, mimi napandisha wageni mlimani, kileleni Kibo. Utaniacha nigande?"

"Nikikuachia nitapata nini?"

"Namba yangu ya simu."

Elisifa akacheka, akaachia koti. Mapenzi yakaanzia hapo.

Tangu siku hiyo, mwanamume huyo, Sylvanus wa kijiji cha Mwika, akishuka mlimani alinyoosha hadi mtaa wa Rau, kwenye chumba ambamo Elisifa alitengeneza mchezo wa simu: msichana anapanda kutoka migombani mpaka kileleni. Mwanzoni kila kitu mchezoni kilifanya kazi kila nukta, simu ikachemka na picha zikakwama. Basi akavipangia zamu. Miguu ya msichana na kuku wa uani, kila nukta. Maji ya mfereji, kila baada ya kitambo. Migomba, mara moja kwa dakika. Theluji, mara moja kwa saa.

Jioni moja wingu la mchezoni likaachia, kilele kikatokea. Sylvanus, aliyezoea kukikanyaga, akashika mdomo.

"Mungu wangu, Eli! Ni mlima wenyewe!"

Hata Elisifa alisisimka mwili, kana kwamba si yeye aliyeutengeneza.

Kisha Sylvanus akamwona mwongoza wageni wa mchezoni, na koti lake la machungwa. Akamgusa. Hakugeuka.

"Huyu si mimi? Mbona kazubaa?"

"Nimekupanga zamu moja na theluji."

"Mara moja kwa saa? Yaani kuku wananishinda?"

Elisifa akadhani ni utani, akacheka. Kumbe mwenzake kaumia. Asubuhi alipanda na wageni bila kuaga, na simu ikawa haipatikani. Elisifa alimpenda yule mtu, na hakuwahi kumweleza kwa nini alimweka pale.

Siku ya kushuka, simu ya Elisifa ikaita.

"Uko wapi?" Sauti ya Sylvanus ilikuwa nzito.

"Mwika, barabarani, karibu na kwenu."

"Umefuata nini?"

"Wewe."

Sylvanus alimkuta amevaa gauni la njano, mkononi jani la isale. Mchagga akiletewa isale anajua anaombwa msamaha, na kulikataa si jambo dogo.

"Ninachokiangalia kila nukta ni kile ninachoogopa kitaniponyoka," Elisifa alisema, akimnyooshea jani. "Mlima siuchungulii. Nikiamka najua upo. Na wewe nilikuweka hapo, mpenzi."

Juu ya migomba wingu lilikuwa linafunguka. Kibo kikajitokeza, cheupe, kikubwa kupita maneno.

Sylvanus akalipokea jani.

"Yameisha. Ila mchezoni nitageuka lini?"

"Nimekutoa kwenye zamu. Utageuka kila nikikuita."

Sylvanus akampa mgongo, akasimama na koti lake la machungwa.

"Haya, niite."

"Sylvanus."

Akageuka, macho yamelowa.

"Naam, mke wangu. Twende ndani ukamwamkie mama."